Fundi yule wa Ngamiani kaniambia "ikilia ndiyo nzima"!!!

Mama_Maharusi: Wadau, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule mwenye meza ya redio Ngamiani hapa Tanga, miwani kwenye paji la uso, mita shingoni utadhani daktari.

Ampli yangu ya kukodisha ilikata fyuzi. Akagusa diodi kwa mita, ikalia piiiii. Akageuza waya, piiiii. Akanitazama mbele ya wateja wote: "Mama, ikilia ndiyo nzima. Trasfoma yako imekufa."

IKILIA NDIYO NZIMA! Huku na huku!

Diodi kazi yake kupitisha umeme upande mmoja. Ikiwa nzima, mita kwenye alama ya diodi inakupa volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, ukigeuza inaandika OL, yaani umeme haupiti. Ikilia pande zote mbili imeshoti, umeme unapita huku na huku. Ikiandika OL pande zote mbili imekatika. Nikamwambia, baba, ng'oa mguu mmoja wa diodi kwenye bodi upime vizuri. Akacheka, na meza nzima ikacheka. "Mama, ikilia ndiyo nzima, nenda kapike."

Halafu akachukua karatasi ya sigara, ile inayong'aa, akazungushia fyuzi, akawasha. Trasfoma ikanguruma, moshi ukatoka mpaka wavuvi wa Sahare wakadhani kunapikwa pilau. Unajua alisema nini? "Umeona? Si nilikwambia trasfoma imekufa?" UMEIUA WEWE! Leo harusi Makorora, bibi harusi ataingia kwa kupigiwa makofi. Ikilia ndiyo nzima, kweli!

Kisosora_Spana: Pole mama. Ila kwenye bodi mita hudanganya. Zile diodi 4 zimeungana na waya wa trasfoma, moja ikishoti na mwenzake analia. Mbovu huenda ilikuwa moja tu.

Mama_Maharusi: Ndiyo maana nilimwambia ANG'OE MGUU! Soma basi!

Duga_Mjini: Aliyekupa 0.5 hadi 0.7 hajakwambia zipo diodi za aina ya Schottky zinasoma 0.2 au 0.3 na ni nzima? Usije ukazitupa.

Mama_Maharusi: Hata hizo hazilii huku na huku. Kaa pembeni.

Mzee_wa_Mabawa: Mwanangu, diodi ikizidiwa umeme mara nyingi huanza kwa kushoti. Moto ukiendelea ndipo hukatika ndani. Fyuzi ipo izime mapema. Aliyeifunga kwa karatasi ya sigara amenunua moto kwa hiari yake.

Mama_Maharusi: Shikamoo mzee. Mwambie na yeye. Mbele ya watu, mzee! Nenda kapike!

Usingizi_Makorora: Subirini. Wewe ndiye mwenye ampli inayotukesha kila Jumamosi? Fundi yuko wapi nimpelekee soda?

Bint_Chumbageni: 😂😂😂 Soda haitoshi, mpe na mandazi.

Mama_Maharusi: Nyie hamna huruma. Hamkuona alivyocheka.

Bajaji_Raskazone: Malalamiko yako madogo. Mimi mwingine, mnamjua, wa betri karibu na stendi. Gari la bosi linaamka betri imelala. Akaniuzia betri mpya. Ikalala nayo. Akasema betri za siku hizi mbovu, akaniuzia NYINGINE. Kumbe diodi ya alteneta, ile mashine inayochaji betri, inavujisha umeme kurudi nyuma usiku kucha.

Duga_Mjini: Huyo namjua! Kwangu diodi ya alteneta ilikuwa imekatika, chaji hafifu, na redio inapiga mluzi kila nikikanyaga mafuta. Akasema redio ina jini.

Kisosora_Spana: Afadhali jini. Mimi niliwekewa diodi ya 1N4001 mahali pa 1N4007 kwenye chaja. Ya kwanza inahimili 50 V, ya pili 1000 V. Umeme wetu ni 230 V, kilele chake kama 325. Haikumaliza sekunde. Akanidai tena hela ya ufundi!

Mama_Maharusi: Turudi kwa huyu wangu jamani. Pande ZOTE MBILI ilikuwa inalia

Bint_Chumbageni: Mama tumekusikia. Mimi nina jambo zito. Yule muuza samaki anayepita asubuhi na baiskeli, mizani yake mmeipima?

Usingizi_Makorora: Mwenye kengele mbili?

Bint_Chumbageni: Huyo huyo! Kilo yake ni vichwa vitupu!

Bajaji_Raskazone: Jana kaniuzia changu analainika kama uji. Fungua uzi wake tuje wote.