Shanga za karatasi: zinadai haki au zinauzwa tu?

MWANZISHA MADA, Kampala
Nauliza hasa ninyi mnaowafahamu akina mama wa Kireka, hapa pembeni mwa Kampala. Wengi walitoka Acholi, kaskazini mwa Uganda, wakikimbia vita vya waasi wa LRA, wakaponda kokoto machimboni, kisha wakajifunza kukata karatasi pembetatu ndefu, kuzikunja, kuzitia gundi na kuzipaka vanishi. Shanga hizo zikifika Ulaya huitwa sauti ya mwanamke wa Uganda. Mimi sikubali. Mnunuzi husomewa kisa cha huzuni, lakini kile mama mwenyewe anachodai, ardhi ya kwao au kodi ya chumba isiyomfukuza, hakimo kwenye lebo. Harakati gani hiyo isiyo na dai?

MCHANGIAJI, Gulu
Dada, unamtwisha mzigo mtu anayetafuta karo. Shanga zimesomesha watoto. Anayedai ardhi aende mahakamani au aandamane.

MSUSI WA MIKEKA, Jinja
Kaka wa Gulu, aandamane kwa kibali cha nani? Sheria ya mikutano ya 2013 iliwapa polisi uwezo wa kuzuia mikusanyiko, hadi Mahakama ya Katiba ilipofuta kifungu chake cha 8 mwaka 2020, na bado tunajua waandamanaji hupokewaje. Wanawake wakikaa kusuka, hakuna anayewauliza kibali, na hapo mengi huzungumzwa na kuamuliwa. Tena msidharau vazi. Septemba 2019 serikali iliitangaza bereti nyekundu, ile ya wafuasi wa People Power, vuguvugu la upinzani la Bobi Wine, kuwa vazi la jeshi. Kama kofia si kitu, raia alikatazwa nini?

MWANZISHA MADA
Dada wa Jinja, ile bereti ilitisha kwa sababu kila aliyeiona alijua inadai nini. Hata Chile, wakati wa udikteta wa Pinochet, wanawake walishona picha za viraka zinazoitwa arpillera, wakionyesha ndugu zao waliotoweka. Ziliuzwa nje, nazo zikaisema serikali yao huko huko. Wale nao walitafuta riziki, kaka wa Gulu. Karo siipingi hata kidogo. Nataka akina mama wakae, wakubaliane neno lao, liandikwe kwenye lebo kwa Kiacholi na Kiingereza, na malipo ya aliyekunja shanga yaandikwe papo hapo. Mnakijua kikundi kinachofanya hivyo? Na kama kuna mnunuzi wa jumla aliyekataa lebo ya namna hiyo, tuambieni alitoa sababu gani.