Uvimbe wa maji kwenye ini, choo hakina minyoo. Nimsikilize daktari yupi?

Mwuliza swali
Wakuu, heshima kwenu. Nilikwenda kupima figo kwa ultrasaundi, mpimaji akafika kwenye ini akasita, akarudisha kile kifaa palepale mara tatu. Majibu: uvimbe wenye maji, sentimita 7, upande wa kulia. Daktari wa kwanza akasema huenda ni tegu wa mbwa. Nikapima choo, safi kabisa. Wa pili anataka kuchoma sindano avute maji yapelekwe maabara. Siumwi, ila nikishiba sana nahisi kubanwa chini ya mbavu. Ni kweli nimekulia na mbwa, lakini tegu gani huyu asiyeonekana chooni?

Mpiga picha
Mkuu, kazi yangu ni ultrasaundi. Hicho choo hata ukipime kila siku hutaona kitu. Tegu mzima, mwenye urefu wa milimita chache tu, anaishi kwenye utumbo wa mbwa. Wewe ulimeza yai lake. Kijidudu kikatoka, kikapenya utumbo, damu ikakibeba hadi kwenye ini, kikajifanyia kifuko. Kinakua taratibu mno, mtu anakaa nacho miaka bila habari.

Sindano ya kubahatisha usikubali. Maji yale yakivuja tumboni, mzio wake unaweza kuua, na vichwa vichanga vya tegu vilivyomo vinaotesha vifuko vingine. Ripoti imeandika nini kuhusu ukuta wa uvimbe?

Mwuliza swali
"Utando wa ndani umebanduka, unaelea."

Mpiga picha
Ungeanza na hilo! Uvimbe wa maji wa kawaida wa ini hauna utando wa kubanduka. Sisi tunaufananisha na jani la yungiyungi linaloelea. Kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani hiyo ni CE3a. Ungekuwa na vifuko vidogo vimejazana ndani kama sega la nyuki, ningesema CE2. Ukuta ukishakuwa chokaa tupu ni CE5, na huyo mara nyingi anaachwa, anaangaliwa tu.

Sasa nisimwonee daktari wako wa pili: kwa CE3a ya ukubwa huo, sindano inaweza kuwa ndiyo tiba yenyewe. Wanavuta maji, wanaingiza dawa ya kuua vichwa, wanavuta tena. Ila unakuwa umeshaanza albendazoli, ile dawa ya minyoo, na dawa za kuzima mzio zipo mkononi. Kuchoma ili "tuone ni nini" ni habari nyingine.

Niliyepona
Pole ndugu yangu. Kipimo changu cha damu cha kumtafuta tegu huyu kilitoka hasi mara mbili na kifuko kilikuwepo, kwa hiyo hasi isikupumbaze. Nilimeza albendazoli miligramu 400 asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta haifyonzwi vizuri. Kwa sababu ya dawa hiyo nilikuwa napimwa ini na chembe nyeupe za damu mara kwa mara. Nywele zilipukutika, nikalia kuliko nilivyolilia ini. Zimerudi. Na mkeo hawezi kuambukizwa na wewe, mlale kwa amani.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Sindano nimeiahirisha, kesho narudi na picha zangu kwa daktari wa upasuaji. Huyo mpimaji aliyesita nitamtafuta nimshukuru.