Je, Yamaha R9 itaziba pengo la R6?

Swali:
Ndugu wapenzi wa pikipiki, tangu Yamaha ilipoacha kuuza R6 ya barabarani, pikipiki yake ya michezo yenye silinda nne, barani Ulaya baada ya mwaka 2020, kwa sababu ya masharti ya Euro 5 kuhusu moshi, nimekuwa nikisubiri mrithi wake. R9 ya 2025 ilipotangazwa mwaka 2024 nilipata hamu kubwa. Je, injini ya silinda tatu itamridhisha aliyezoea mlio wa R6?

Jibu la kwanza:
Mlio uleule usiutarajie. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 890, inayotoka katika MT-09, pikipiki nyingine ya Yamaha, hufikia kilele cha nguvu zake kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika, ilhali R6 ilihitaji 14,500. Utakachopata ni msukumo imara unapotoka kwenye kona, hata kama hukuteremsha gia, na kwa barabarani naona hilo ni bora zaidi.

Jibu la pili:
Kinachonivutia mimi ni fremu ya alumini, yenye uzito wa kilo 9.7 tu, pamoja na shokomzoba za kampuni ya KYB zinazorekebishika kikamilifu. R7, ndugu yake mdogo kutoka Yamaha, ni nzuri, lakini injini yake ya silinda mbili ilituacha na kiu.

Mwuliza swali:
Nashukuru. Je, mkao wake utavumilika safarini?

Jibu la kwanza:
Naam, usukani wake hauko chini kama wa R6, hivyo viganja vitachoka kidogo zaidi tu kuliko kwenye pikipiki ya kawaida.