Yule jamaa wa video wa Moshi kampiga bibi yangu tangazo USONI!!

Mama_Kipaimara:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Wa Moshi mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayevaa hedifoni shingoni hata akiwa anakunywa mtori.

Nilimpelekea video ya kipaimara cha mwanangu. Kamera ya kaka ilitoa mafaili manne, maana kadi ni FAT32, ule mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na faili likikaribia GB 4 kamera inalivunja, inaanza jingine. Nilitaka jambo moja tu: aondoe watu wanaogombania viti, abakize bibi akimbariki kitukuu wake. Bibi kashika isale, lile jani la heshima la Wachaga, anaongea Kichaga kile cha zamani ambacho sisi wengine tunakisikia kwa kubahatisha.

Leo nachomeka flashi, ukoo mzima umekaa. Bibi anatokea, anafungua mdomo, na KATIKATI YA PAJI LA USO kuna tangazo la programu ya majaribio, herufi kubwa kama bango la uchaguzi! Bibi anabariki, tangazo lipo. Bibi analia, tangazo lipo. Mjomba akauliza nani kamdhamini bibi.

Nikampigia. Eti, "Mama, ya bure ndiyo ilivyo, tuma hela ya leseni nilitoe." Na hela yangu kashakula! Halafu kasindika upya faili zima, sura imekuwa uji, mikunjo yote ya bibi imepotea. Kukata tu jamani! Paji la uso la bibi!

Nipeni programu ya bure inayokata video kubwa bila kumgonga mtu mhuri usoni.

Mtori_wa_Moto:
Pole sana dada. Ila uzi bila picha haujakamilika. Tuwekee bibi na mdhamini wake.

Mama_Kipaimara:
Bibi yangu si kichekesho. Kwenye PAJI LA USO!

Chalii_wa_Sakina:
Aisee, ndo maana tunawaambia mje Chuga, Arusha. Chukua programu ya LosslessCut, iko bure kwenye tovuti ya GitHub, haigongi mhuri. Unaweka alama ya mwanzo na ya mwisho, inanakili kipande kilivyo bila kusindika upya. Ubora haupungui hata chembe, na GB 4 haikulazi macho, ni muda wa kunakili faili tu. Hayo manne pia itakuunganishia, maana yametoka kamera moja. Ila flashi iwe ya mfumo wa exFAT, FAT32 haibebi faili la zaidi ya GB 4.

Fundi_Redio:
Hata Avidemux. Video na sauti zote acha kwenye Copy, yaani nakili tu. Angalia kitu kimoja: mkato wa namna hii lazima uanzie kwenye fremu kamili, yaani picha isiyotegemea picha nyingine, na kamera inaziweka kwa mapengo. Anzia nyuma kidogo, la sivyo bibi anaanza na vipande vipande. Asiyeogopa kuandika amri, kuna programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i bibi.mp4 -ss 00:12:00 -to 00:31:00 -c copy baraka.mp4

Mangi_wa_Mgomba:
Dada kaja kulia, wewe unampa mtihani wa hesabu.

Mtori_wa_Moto:
😂😂 Baraka nukta mp4.

Mama_Kipaimara:
Asanteni, LosslessCut naishusha sasa hivi. Lakini yule mtu asiachwe! Ananiita "mama" kwa upole huku kamwekea mama mzazi wa mama yangu tangazo!

Shemeji_wa_Njiro:
Huyohuyo! Sendofu ya mdogo wangu karekodi ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, mwanzo mwisho, bwana harusi haonekani popote. Ndafu ina pembe mpaka mkia, kwa ukaribu kabisa.

Chalii_wa_Sakina:
Si mlisema Moshi ndo kuna ustaarabu?

Mangi_wa_Mgomba:
Chalii, nyie wa Arusha mpiga picha wenu alikuja na simu yenye chaji nusu. Kaa kimya.

Shemeji_wa_Njiro:
Afadhali hao. MC wetu kaongea peke yake mpaka kamati ikamzimia maiki, na chakula kikapoa.

Fundi_Redio:
Mliomba kamati iwe na watu wangapi? Yetu ilikula mchango wote wa soda.

Mama_Kipaimara:
Wakuu, tunazungumzia USO WA BIBI hapa!

Mangi_wa_Mgomba:
Subiri kwanza dada. Shemeji, huyo MC mlimlipa kabla au baada?