MREJESHO: Yule kijana wa stoo niliyewaombea ushauri

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifanye nini na kijana wetu wa stoo mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili), aliyeanza kusikia sauti akiwa kazini, huku bosi akitaka nimwandikie barua ya kumwachisha siku ileile.

Aliyenielekeza kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ubarikiwe. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Bosi alisoma, akanyamaza. Kijana alipumzika wiki saba.

Kilichosaidia zaidi ni kitu kidogo tu. Dawa anazomeza usiku humwacha na usingizi mzito asubuhi (na sisi tulikuwa tunamwita mvivu!), hivyo sasa anaingia saa nne, na zamu za usiku tumemtoa. Tukiona dalili, tunampigia dada yake. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo.

Wenzake ndio mtihani. Kuna mmoja alimtania eti katoroka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Nilimwita ofisini, na sikuwa mpole.

Jana kijana kahesabu mzigo wa kontena zima. Makosa mawili yaliyopatikana yalikuwa ya kwangu.