Mama yuko kwenye kemo, EF imetoka 62 hadi 54, turudie eko au twende MRI?

binti_kihonda:
Wakuu habari zenu, naomba msaada. Mama ana kansa ya titi, yuko kwenye kemo ile ya dripu nyekundu, doksorubisini, ambayo inaweza kuumiza moyo. Kabla hajaanza alipigwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, EF (asilimia ya damu moyo unayosukuma nje kila pigo) ikaandikwa 62, juzi tumerudia hospitali nyingine maana kule mashine imeharibika, hii imeandika 54. Hapumui kwa shida, miguu haijavimba. Sasa baba mdogo anasema eko ni kukisia tu tukapige MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, shangazi kasikia kuna kipimo cha nyuklia, na hela yenyewe ya kuchangishana. Naogopa asije akasimamishiwa kemo bure, naogopa pia moyo usije ukaharibika sisi tumekaa tu.

mpiga_eko:
Pole sana dada. Hii kazi ndo naifanya, na 62 na 54 za wapigaji wawili tofauti si lazima moyo uwe umeshuka. Mpigaji anasimamisha picha anachora kwa mkono ukuta wa ndani wa chumba cha kushoto, kwanza kikiwa kimejaa halafu kikiwa kimejiminya, mashine inapiga hesabu, sasa akichora milimita chache ndani au nje namba inahama, watu wawili kupishana 5 mpaka 10 ni kawaida kabisa. Angalia pia ripoti zote mbili kama zimetumia Simpson, ndo hiyo njia ya kuchora ukuta, moja ikiwa Teichholz usizilinganishe, ile inapima mstari mmoja tu mengine inakadiria. Madaktari huwa wanashtuka ikishuka zaidi ya 10 na kufika chini ya 50. Na muulize kama mashine yao ina GLS, hiyo inaangalia msuli unavyojikunja, mara nyingi inaonyesha tatizo kabla EF haijaguswa.

picha_na_mionzi:
Mkuu yuko sahihi. MRI ndo kipimo cha kuaminika zaidi kwa EF, inakata moyo vipande toka juu mpaka chini, haikisii umbo, na ukiweka gadolini, dawa ya kuchoma kwenye mshipa ili picha ing'ae, unaona mpaka kovu kwenye msuli. Ila mgonjwa analala ndani ya lile tundu karibu saa nzima akibana pumzi kila anapoambiwa, kwa mtu aliyechoshwa na kemo si mchezo. Nyuklia namba zake hazipishani sana ukirudia, lakini kila safari ni mionzi na valvu huzioni. CT, ile ya eksirei inayozunguka mwili, waachieni wanaotafuta mishipa ya moyo iliyoziba. Titi lililopasuliwa ni lipi?

binti_kihonda:
La kushoto, na ripoti ya juzi imeandika picha hafifu.

picha_na_mionzi:
Basi hapo MRI ina maana, kovu la kushoto linakaa palepale eko inapotakiwa kupita. Ila kabla hamjachanga, ombeni picha za eko zote mbili kwenye CD, siyo karatasi, daktari mmoja wa moyo azipime upya mwenyewe. Zikionekana vizuri anaweza kukuambia palepale, zisipoonekana atawaandikia MRI, na kuanzia hapo mfuatilie kwa MRI hiyohiyo. Kemo msiisimamishe wenyewe, mpelekeeni daktari wake wa kansa majibu kabla ya dripu inayofuata.