Kiwanja kina pande nne zisizolingana, eneo lake linapatikanaje? Dalali anadai ni mita za mraba 958

MjengoTaratibu:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaojua hesabu za viwanja maana muuzaji anataka nilipe wiki hii. Kiwanja kiko huku Kibaha, hakijapimwa, bei ni elfu 20 kwa mita ya mraba, na hakijanyooka, mbele kina mita 25, kulia 34, nyuma 40, kushoto 25. Dalali kajumlisha mbele na nyuma akagawa kwa mbili akapata 32.5, kulia na kushoto akafanya hivyohivyo akapata 29.5, akazidisha ikaja 958.75, yaani milioni 19 na laki moja na 75 elfu. Hii njia iko sawa kweli? Hela nimeikusanya kwa shida sana, sitaki kulipia ardhi ambayo haipo.

TichaWaNamba:
Mkuu usilipe kwanza. Njia hiyo inatoa jibu sahihi kwenye mraba na mstatili tu, pale kona zote ni nyuzi 90. Kona zikipinda inazidisha, haipunguzi hata siku moja, kwa hiyo anayeumia kila mara ni mnunuzi. Tena pande nne peke yake hazitoshi kujua eneo. Chukua fito nne uzipigilie misumari kwenye kona zikae mstatili, halafu zisukume kwa pembeni, urefu wa fito ni uleule lakini nafasi ya katikati imebanwa. Kapime na mstari wa kukatisha, kona ya mbele kushoto mpaka kona ya nyuma kulia.

MjengoTaratibu:
Asante ticha, nimerudi sasa hivi. Ni mita 39.

TichaWaNamba:
Safi, hapo una pembetatu mbili na pembetatu ukishajua pande zake tatu haiwezi tena kudanganya. Ya kwanza ni 25, 34 na 39, jumla 98, nusu yake 49. Kwenye 49 toa kila upande, unabaki na 24, 15 na 10, zidisha 49 × 24 × 15 × 10 = 176,400, kipeuo chake cha pili ni 420. Ya pili 25, 40 na 39, nusu ya jumla ni 52, ukitoa unapata 27, 12 na 13, 52 × 27 × 12 × 13 = 219,024, kipeuo 468. Jumla mita za mraba 888. Kwa elfu 20 ni milioni 17 na laki 7 na 60 elfu, tofauti na ya dalali ni milioni 1 na laki 4 na 15 elfu. Kanuni hii ni ya Heron wa Aleksandria, ya zamani mno na bado inafanya kazi.

FundiMsingi:
Namba za ticha ziko sawa, ila muuzaji akikataa mambo ya vipeuo fanya hivi mbele yake. Vuta kamba kwenye hiyo mita 39, toka kila kona iliyobaki pima mpaka kwenye kamba kwa nyuzi 90, hakikisha kwa 3, 4, 5 kama tunavyoset msingi, yaani pembetatu yenye pande 3, 4 na 5 kona yake ni nyuzi 90 kamili. Lazima upate kama 21.5 upande mmoja na 24 upande wa pili. Nusu ya kitako mara kimo, 39 × 45.5 gawa kwa mbili, 887 na kitu. Hiyo hata mtoto wa msingi anaielewa na hakuna wa kubisha.

ShambaLetu:
Na asije akakubadilishia wimbo akaanza kupima kwa hatua. Hatua 70 kwa 70 wanaita ekari, lakini ekari ni kama mita za mraba 4,047 na hatua ya mtu mfupi haifiki huko. Tepu tu, ivutwe ikaze, isilale kwenye nyasi.

FundiMsingi:
Kweli kabisa. Na mkishakubaliana tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa aweke bikoni, yaani alama za mipaka kwenye kona, majirani wawepo.

MjengoTaratibu:
Nawashukuru sana wakuu. Jumamosi naenda na kamba na tepu, muuzaji mwenyewe ndo atashika upande wa pili, na bei tutaongea kwa 888.